Sufu au Nyama

Baba yangu mkubwa alikuwa anaitwa Vidole. Mgeni akilisikia jina hilo mara ya kwanza alishika mfuko wake, lakini mzee hakuwa mwizi, alikuwa mchagua kondoo. Unamletea kondoo jike, anayapanua manyoya pale begani, anaingiza vidole viwili na gumba mpaka karibu na ngozi, anafumba macho kama mtu anayejaribu kukumbuka namba ya simu, halafu anasema neno moja. "Sufu." Au anasema, "Nyama." Basi. Maisha ya yule kondoo yameshapangwa, na ya watoto wake pia, na mwenyewe hana habari, anatafuna tu.

Nieleze kidogo, maana watu wengi wanadhani kondoo ni kondoo. Kuna kondoo wa sufu. Huyo ni mdogo, mkavu, ngozi ya shingo imejikunja kama soksi iliyoshuka, lakini manyoya yake ukiyaweka shavuni unaweza kusinzia umesimama. Ukimchinja utakula mifupa na lawama. Halafu kuna dume la nyama, mweusi usoni, mpana kama kochi, mapaja usiseme, lakini manyoya yake ni ya kusugulia masufuria. Mwenye shamba wa zamani alitaka vyote viwili ndani ya kondoo mmoja. Sufu laini ya kuuza kiwandani, na mwili wa kuuza buchani.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya baba mkubwa miaka ishirini na sita, kuchanganya damu. Kila mwaka, kabla ya kuwafungulia madume, kondoo majike mia sita na zaidi walipita mbele yake mmoja mmoja. Mwenye sufu safi alipigwa chaki ya bluu mgongoni, akaenda kwa dume la sufu, na watoto wake wa kike wakabaki shambani kuendeleza kizazi. Mwenye manyoya magumu alipigwa chaki nyekundu, akaenda kwa dume la nyama, na watoto wake wote walikwenda machinjioni, hakuna aliyebaki. Lakini mara moja moja, kati ya wale watoto wa dume la nyama, alitokea jike mwenye mwili mpana na sufu safi. Huyo baba mkubwa alimtoa kwenye lori kwa mikono yake, akampiga bluu, akamrudisha upande wa sufu. Mmoja mwaka huu, wawili mwaka ujao. Taratibu namna hiyo mpaka wakaanza kuzaliwa kondoo wa sufu laini wenye mgongo ambao unaweza kuwekea sinia na chai isimwagike.

Hakusoma. Aliishia darasa la nne. Babu yangu alikuwa fundi cherehani, na huyu akiwa mtoto alikuwa anatumwa dukani kuchukua vitambaa, basi alijifunza kumkamata mwenye duka akimpunja kwa kushika tu. Alikuja shambani kuchunga, akiwa hana hata viatu. Siku moja mwenye shamba alikuwa anabishana na mnunuzi juu ya marobota mawili ya sufu, lipi ni lipi, na yule mchungaji peku akatia mkono akasema, hii ya kondoo wazee, hii ya wadogo, na hapa katikati mmeweka ya tumboni. Wakafungua wakakuta kweli. Toka siku hiyo hakuchunga tena.

Baba yangu alipofariki nilikuwa na miaka tisa, wakanichukua yeye na mama mkubwa. Tulikaa vyumba viwili nyuma ya banda la kunyolea, nyumba ya shamba. Kila kitu mle ndani kilinuka mafuta ya kondoo, mashuka, mkate, hata daftari zangu, mwalimu alikuwa ananiweka dirishani. Mikono ya baba mkubwa ilikuwa laini kuliko ya bibi harusi kwa sababu ya hayo mafuta. Mama mkubwa alikuwa akisema, "Huyu mume wangu ananijua kwa kunipapasa tu. Sura yangu hajaiangalia hata siku moja, ukimletea mwingine mwenye ngozi kama yangu atamkaribisha chakula."

"Ngozi kama yako wameacha kuitengeneza," baba mkubwa alimjibu, na mama mkubwa alijifanya hajasikia.

Shule ilinishinda, au mimi niliishinda, sijui. Nilipigana na mtu mzima mmoja pale, nikafukuzwa. Baba mkubwa hakunipiga wala hakunisema. Alinipeleka stoo ya sufu, akanifunga kitambaa machoni, akaniwekea mafungu kumi mezani. "Yapange kuanzia laini mpaka gumu." Nilipatia saba. Kesho yake tena, na kesho yake. Nilipofika miaka ishirini nilikuwa napatia yote kumi, na mimi ndiye niliyekuwa nashika chaki siku ya kuchagua. Aliniambia, "Mkono unao. Subira ndiyo huna." Nikamwambia subira ni ya kondoo. Akacheka.

Nilikuwa na ishirini na tatu siku nilipogundua. Tulikuwa tunakula. Alikuwa anakata mkate kwa mkono na mkate ukawa unabadilika rangi. Nikamshika mkono, nikageuza. Mwiba mzima umevunjikia kwenye gumba, damu inatoka, na yeye anaendelea kutafuna.

"Baba mkubwa, huusikii huo?"

Akautazama mwiba kama kitu cha jirani. Mama mkubwa akaacha kumimina chai.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka juzi. Ganzi ilianza kidole cha kati. Nikadhani ni baridi."

"Mwaka juzi? Na kondoo umekuwa unawachaguaje?"

Akauvuta mkono wake, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sufu ilikuwa inashuka. Miaka miwili mfululizo marobota yetu yalirudi na daraja la chini, watu wakilaumu majani, wakalaumu mvua, wakawalaumu hata wanyoaji. Kumbe mtu alikuwa amesimama pale na vidole vya mti anasema sufu, nyama, sufu, nyama. Tulimpeleka zahanati. Daktari akamchoma na pini kidole kimoja kimoja, akamwambia mishipa ya fahamu imekufa, labda ni dawa ya kuogeshea kondoo, amezamisha mikono kwenye josho maisha yake yote bila kinga. Alisema labda. Ila neno "imekufa" hakuliwekea labda.

Mwaka huohuo ndio yule mwenye shamba alikuwa amekufa, watoto wake wakaiuzia kampuni shamba, kampuni ikaleta meneja. Kijana mdogo, pengine alinizidi miaka sita, buti safi, kalamu sikioni, anatembea na kibao cha karatasi kifuani kama ngao. Siwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mzaha mwingi, na mzaha wa bosi kila mtu anaucheka. Alitukusanya kwenye banda la kunyolea akasema hivi, sufu yenu miaka miwili haina kitu, nyama inalipa. Nawapa msimu mmoja. Watoto watakaozaliwa upande wa bluu, wakifika miezi mitano tutakata vipande vya sufu tupeleke maabara. Ikitoka safi, madume ya sufu wanabaki. Isipotoka safi nawauza wote kumi na mmoja, na kondoo wote hapa wanakuwa wa nyama. Nani ana swali.

Baba mkubwa alikuwa amekaa juu ya robota, mikono ameiweka kwapani.

Ningekuwa mimi ningesema pale pale. Hivyo ndivyo ninavyojidanganya. Lakini yeye alikuwa na sababu yake, na si nyumba tu, ingawa nyumba nayo ilikuwa ya mwenye kazi. Alisema, "Nikisema vidole vimekufa, ataniuliza tangu lini. Nikimwambia tangu lini, atawachinja wote, atasema kizazi chote kimeshaharibika. Hakijaharibika. Kimepungua tu. Mwaka mmoja nikipatia, kinarudi."

"Utapatia na nini?"

"Nitatafuta."

Akatafuta kweli. Wiki tatu baadaye nikaingia stoo ya sufu nikamkuta amepiga magoti, ameshika fungu la sufu, analisugua kwenye mdomo wa chini, macho amefumba. Nyuma yangu alikuwa anakuja mnyoaji mmoja tuliyemwita Mkasi, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko zana zake. Alichungulia akasema, "Mama mkubwa amesafiri nini? Maana naona mzee ameanza kuwabusu hawa."

"Toka hapa kabla sijakunyoa wewe," nikamwambia.

"Dada, mimi nina kipara tayari, utanyoa nini?"

Alipoondoka nikafunga mlango. Baba mkubwa akaniita, akasema nimpangie mafungu kumi. Nikampangia. Akayapitisha mdomoni moja moja, taratibu, akapatia yote. Akapanga tena, akapatia tena. Alitoa kicheko cha mtoto aliyepata kitu chake kilichopotea. Akasema mdomo unasikia vizuri kuliko kidole, angejua angeanza zamani, tatizo ni heshima tu. Akapanga na njia ya kuficha. Siku ya kuchagua atainama kama mtu anayeangalia chawa wa kondoo, atagusa kwa mdomo, atainuka. Tukafanya mazoezi kwa kondoo wa zizi la karibu, kila asubuhi. Nilianza kuamini.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mdomo ukavimba. Sisi tuliokulia na kondoo tunaujua ule ugonjwa, vidonda vya mdomo, wanaupata wanakondoo, na mtu akiwagusa anaupata kwenye mikono. Yeye aliupata kwenye mdomo, maana ndio aliokuwa anawagusia. Ulianza kipele, kikawa kidonda, mdomo mzima ukageuka gamba jeusi. Alikuwa anakunywa uji kwa mrija. Mama mkubwa alimpaka dawa bila kusema kitu, na ukimwona mama mkubwa hasemi kitu ujue hali ni mbaya.

"Ahirisha," nikamwambia. "Sema unaumwa."

"Akichagua mtu mwingine?"

"Nani mwingine anayejua?"

"Ndiyo maana," akasema. Maneno yalimtoka kwa shida. "Hakuna. Meneja atawapiga chaki kwa sura. Kondoo mzuri wa sura ndiye mbaya wa sufu."

Basi tukakubaliana namna hii. Mimi kazi yangu ni kumshika kondoo bega na kupanua manyoya ili yeye atie vidole, hivyo ndivyo tulivyofanya miaka yote, hakuna atakayeshangaa. Nikipanua, nitakuwa nimeshika. Vidole vyangu ndivyo vitakavyochagua. Nikijua, nitamkanyaga buti. Mara moja sufu, mara mbili nyama. Yeye atafumba macho, atasema neno. Ningeweza kumwambia tumwambie meneja kwamba mimi naweza. Sikusema. Alinifundisha yeye, nimnyang'anye kazi mbele ya watu? Na pia, niseme ukweli, sikudhani kama yule kijana wa kibao angenikubali.

Siku ikafika. Asubuhi ya ukungu, ujia wa mbao umelowa. Mkasi yuko nyuma anasukuma kondoo, baba mkubwa katikati na kitambaa amefunga mdomoni kama mtu anayekwepa vumbi, mimi pembeni na chaki mbili, meneja ameketi juu ya mbao anaandika.

Mia mbili za kwanza zilikwenda kama maji. Hao walikuwa wakubwa, wengi wao hata yeye aliwajua kwa sura. Nakanyaga, anasema. Nakanyaga mara mbili, anasema. Mpaka nikasahau kama ni mimi. Sauti yake ilikuwa ileile ya zamani.

"Mzee," meneja akasema kutoka juu, "unawachagua au unawaposa? Jua linakwenda."

Watu wakacheka. Mkasi akasema, "Mwache, meneja, hata mkewe alimchagua hivyohivyo, wakwe walilala njaa." Hata baba mkubwa alitikisika mabega.

Halafu tukaingia kwa wadogo, wanaopandishwa kwa mara ya kwanza. Hawa baba mkubwa hakuwajua. Hawa ndio kizazi chenyewe, watoto wa ile miaka yake miwili ya giza, wamechanganyikana wazuri na wabaya, na hapa ndipo kazi ilipokuwa. Nikaanza kwenda polepole. Akaja mmoja ambaye sikumwelewa. Begani sufu, ubavuni kidogo kama inakwaruza. Nikarudia bega. Nikarudia ubavu. Baba mkubwa amesimama, macho amefumba, anangoja mguu wangu.

Meneja akashuka. Alikuwa anatabasamu, nakumbuka. Akachukua chaki nyekundu mkononi mwangu kama mtu anayekuomba kalamu, akapita nyuma ya baba mkubwa, akamchora mstari mgongoni, juu ya koti, toka bega mpaka kiunoni.

"Huyu naye amechoka," akasema. "Mpelekeni upande ule."

Watu walicheka. Sio wote. Lakini walicheka.

Sikumbuki kuamua. Nilimpiga kofi ambalo lilisikika mpaka kwenye banda. Mkono wangu ulikuwa umejaa chaki ya bluu, vidole vitano vikabaki kwenye shavu lake. Nyuma nikamsikia Mkasi anasema kwa sauti ndogo, "Basi huyu ni sufu," na hakuna aliyethubutu kucheka.

Meneja akajifuta, akaangalia mkono. Nilidhani atanirudishia. Hakunirudishia. Alisema, "Sema samahani hapa mbele ya hawa, uendelee na kazi. Au utoke zizini."

Neno moja. Ndilo alilotaka. Mtoto mdogo analisema akimwaga maji.

"Aanze yeye," nikasema. "Amwombe mzee radhi kwanza."

"Mwanangu, sema," baba mkubwa akasema chini ya kitambaa.

"Siwezi."

"Sema, mwanangu. Ni koti tu."

"Siyo koti."

Kisha nikasikia buti lake juu ya buti langu. Alinikanyaga mara moja, taratibu. Nilijua anachosema. Nilijua kabisa. Kichwa kilikuwa kinachemka, nikavuta mguu, nikaruka mbao, nikatoka.

Nilisimama nje, nimeshika ua. Chaki akapewa Mkasi. Nilijua baba mkubwa atashika tumbo, atajifanya amezimia, atafanya kitu. Meneja alimuuliza, "Mzee, tunaendelea?" Akaitikia kwa kichwa. Akaingiza vidole kwenye manyoya ya yule kondoo ambaye mimi sikumaliza kumwelewa, akafumba macho.

"Sufu."

Akaja mwingine. "Nyama." Huyo alikuwa mzuri. Ukungu ulikuwa umeshaondoka na nilikuwa hatua sita tu, na kondoo mwenye sufu ya namna ile unamwona hata bila kumshika, yanavyojipanga yale manyoya akipanuliwa, kama maji yakipita kwenye mchanga. Nyama. Akaja mwenye nywele za mbwa ubavuni. "Sufu." Mara ya kwanza nilidhani anajaribu. Baada ya kama thelathini nikasikia mpango. Sufu, nyama, sufu, nyama, sufu, sufu, nyama. Alikuwa anagawa karata. Kila mara alifumba macho, kila mara alingoja kidogo, kwa heshima ileile, na mara nyingine alikunja uso kana kwamba amepata kitu.

Kulikuwa na mia tatu na kitu wamebaki. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nikipiga kelele, mwacheni, hasikii kitu, basi kila mtu pale atajua, Mkasi atajua, meneja atajua, na mzee atasimama hivyohivyo na mstari mwekundu mgongoni huku wanamtazama mikono. Nikafunga mdomo. Nilibaki pale mpaka wa mwisho. Jioni ileile madume wakafunguliwa, wa sufu uwanda wa juu, wa nyama uwanda wa chini, na mimi nikapigwa marufuku kukanyaga zizini mwezi mzima. Dume hahitaji mwezi.

Nyumbani baba mkubwa hakunisema. Mama mkubwa alilowesha lile koti, akasugua, mstari ukafifia lakini haukutoka, chaki ya kondoo imetengenezwa isitoke kwa mvua. Alisugua mpaka kitambaa kikatoboka.

Miezi mitano ikapita, wakazaliwa. Uwanda wa chini walijaa wanakondoo wa uso mweusi chini ya mama wa sufu safi kabisa, mama mzuri anaramba mtoto wa buchani. Uwanda wa juu walionekana sawa, weupe, wazuri, mtu asiyejua angefurahi. Mimi nilimshika mmoja nilipopita kwenye ua nikamwachia haraka.

Walipofika miezi yao, vipande vikakatwa, vikaenda. Barua ilirudi baada ya wiki tatu. Meneja aliisoma ofisini, mlango wazi, mimi na baba mkubwa tumesimama. Haikusema sufu ni mbaya. Ilisema haina usawa. Nusu laini, nusu ngumu, na kiwanda hakinunui sufu isiyo na usawa, afadhali mbaya yote, inajua pa kwenda.

"Basi," meneja akasema. "Lori la madume ni Alhamisi."

Baba mkubwa akavua kofia. "Kondoo hawana kosa," akasema. "Kosa ni mimi." Akaweka mikono yote miwili mezani, juu ya karatasi. "Hivi vimekufa. Mwaka wa nne huu. Wapime tena, kondoo mmoja mmoja, utakuta sufu ipo. Mimi ndiye niliyewachanganya."

Meneja aliitazama ile mikono. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Akachukua pini ubaoni, akaiweka chini tena bila kuitumia.

"Binti alijua?"

"Hajui kitu," baba mkubwa akasema, haraka, kabla sijafungua mdomo.

"Mzee, ungeniambia kabla ya siku ile. Ningemtafuta mwenye mkono. Si lazima uwe wewe. Hata huyu, hasira zake zote, kama anajua ningemweka." Akapangusa uso. "Sasa nimeshaandika makao makuu. Wameshauza."

Alhamisi madume walikataa kupanda lori. Wakawachapa, wakawavuta pembe, hawakupanda. Baba mkubwa akaenda akatangulia yeye kwenye ubao, akapanda mpaka ndani, wakamfuata mmoja mmoja, wote kumi na mmoja, maana walikuwa wamemzoea. Halafu akashuka kwa kupita katikati yao, akiwashika migongo.

Nyumba tuliiacha mwisho wa mwezi. Sasa tuko mjini, chumba kimoja, na mimi nafanya kazi kwenye stoo ya mitumba, nachambua masweta. Natia mkono kwenye robota bila kuangalia, hii sufu, hii nailoni, hii wamechanganya. Mwenye stoo anadhani ni uchawi. Baba mkubwa anakaa mlangoni kwetu mchana kutwa, kidonda cha mdomo kiliacha kovu, akiongea upande mmoja hausogei. Shambani, Mkasi alituambia siku moja alipokuja kutusalimia, wote sasa ni uso mweusi. Wanyoaji wameondolewa. Yeye mwenyewe ananyoa watu, na anasema watu wanalalamika zaidi.

Jumapili iliyopita, tukinywa chai, baba mkubwa akaniuliza. Mwaka na zaidi hajawahi kuuliza.

"Siku ile ulipotoka. Ulibaki pale kwenye ua?"

"Nilibaki."

"Ulikuwa unaona ninavyosema?"

"Nilikuwa naona."

"Nilikosea wangapi?"

Nilitaka kusema wachache. Mama mkubwa alikuwa ananitazama, anataka niseme wachache. "Nusu," nikamwambia. "Zaidi ya nusu kidogo."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Akageuza kikombe, akageuza tena.

"Na kwa nini hukupiga kelele?"

"Nilikuwa nakuficha wewe, baba mkubwa. Wasikujue."

Upande ule wa mdomo unaosogea ukasogea.

"Mimi kila kondoo nilikuwa nangoja kidogo," akasema. "Nilikuwa nakusubiri wewe. Nilidhani, kwa hasira aliyonayo huyu mtoto, hawezi kuvumilia, atapiga kelele tu."

Mama mkubwa akainuka akaanza kukusanya vikombe, na vyote bado vilikuwa na chai.